Filamu Aliyoieleza Mahfoudha

Mahfoudha binti Harub alikuwa na kazi ambayo leo ukiwasimulia watoto wa Ibra, huku Omani, watadhani unawatania. Kazi yake ilikuwa kusema. Huko Unguja, mwaka wa hamsini na nne, sinema moja ya mjini kila Jumapili alasiri iliwafungia milango wanaume na kuwafungulia wanawake peke yao, na kama filamu ya siku hiyo ilikuwa ya Kiingereza, Mahfoudha aliwekewa kiti kando ya pazia awaeleze wenzake kinachosemwa. Hakupewa kipaza sauti, wala hakukihitaji. Alikuwa na miaka ishirini, amemaliza darasa la nane skuli ya wasichana, na sauti yake ilivuka vilio vya watoto wachanga ikafika hadi safu ya nyuma, walikokaa watafuna tambuu.

Wanawake hawakuzipenda filamu za Kiingereza. Walitaka za Kihindi, zenye nyimbo na machozi. Lakini meli ikichelewa kuleta za Kihindi, meneja alikuwa na moja ya Kiingereza aliyoipata kwa urahisi, akairudia na kuirudia. Ilitengenezwa miaka michache baada ya Vita vya Pili, na walioitengeneza hawakuwa na kitu, ilionekana wazi. Karibu yote ilipita katika ukumbi mmoja wa nyumba moja. Mlango ukibamizwa, ukuta ulitikisika. Mvua ilinyesha kwenye dirisha la kulia, na la kushoto kukavu. Meneja alimwambia Mahfoudha kwamba asili yake ni mchezo wa jukwaani, na ndiyo maana wale watu huingia na kutoka kama wageni wa harusi, na kila wakisema jambo la kuchekesha husita kidogo wakangoja watu wacheke.

Na watu walicheka, lakini kwa ajili ya Mahfoudha. Hadithi yenyewe ni ya mume na mke. Mume amerudi vitani, nyumba za London zimevunjwa na mabomu, hakuna pa kukaa, basi wanahamia kwa dada yake mume, mjane, huku wakingoja serikali iwape nyumba yao. Mwisho wanaipata. Kwenye ubao wa nje meneja aliandika kwa chaki "Nyumba ya Wifi", na kwa jina hilo wanawake wa mji mzima waliijua. Jina lake la Kiingereza Mahfoudha alilisoma mara moja kwenye mkebe akalisahau.

Mkalimani wa sinema si kasuku. Mvinyo aliugeuza sharubati, padri akawa maalimu, na mbwa aliyelala kwenye kiti akaitwa paka, ili watu wasikereke. Na wifi je? Ukumbi mzima wa wanawake, kila mmoja ana wifi yake nyumbani; ukiwatajia wifi tu, hawangoji kuambiwa kwamba ni mbaya. Wifi wa Mahfoudha alifungia sukari kabatini na ufunguo akaufunga kwenye ncha ya nguo yake. Alihesabu vijiko wageni wakiondoka. Aliugua kila mke wa ndugu yake alipoanza kucheka. Wanawake walimzomea, walimtukana kwa mafumbo, mmoja siku moja alimtupia kiatu pazia likatoboka. Kwa miaka kumi Mahfoudha alimsema wifi yule, na hakuna aliyemsema vizuri kumshinda.

Kisha yakaja yaliyokuja, na kila mtu anayajua. Mwaka wa sabini na mbili Mahfoudha akawa yeye mwenyewe ndiye anayehamia kwa wifi.

Mumewe, Marhun, alikuwa karani wa forodha Unguja mpaka Mapinduzi, na baada ya hapo hakuwa karani wa kitu. Mtoto wao mmoja, Rahila, aliyepatikana baada ya mimba tatu kuharibika, alikuwa na miaka minne. Waliteremka bandari ya Matrah na masanduku mawili, wakapakiwa kwenye lori lililopita mabondeni siku nzima, na jioni wakashuka Ibra, mji wa babu zao, ambao hakuna kati yao aliyewahi kuuona. Aliyewapokea ni Ghalia, dada mkubwa wa Marhun. Ghalia aliolewa Ibra toka mwaka wa hamsini na moja, mumewe alishakufa, na mwanawe Khalaf alikuwa Kuwait akitafuta riziki. Nyumba yake ya udongo ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja akawapa. Kilikuwa chumba cha kuwekea tende, kirefu na chembamba, chenye mifereji sakafuni ya kupitishia asali ya tende, na godoro la watu watatu likitandikwa mlango haukufunguka mpaka mwisho.

Nisimwonee Ghalia. Aliwapa alichokuwa nacho. Baba yao alikuwa ameuza mitende yake yote pamoja na zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba, apate kwenda Unguja, kwa hiyo Marhun alirudi kwao akiwa hana hata kivuli cha kukalia. Ghalia aliliona hilo. Wiki ya pili akamwita.

"Marhun, mdogo wangu, kuna kile kiwanja cha mawe kule juu ya mashamba, kaniachia marehemu mume wangu. Mimi sina haja nacho. Tumalize kuchemsha tende kwanza, inshallah, halafu twende kwa kadhi tuandikiane. Mjenge."

Marhun alimbusu mkono. Kuanzia siku hiyo kila alasiri walikwenda wote watatu kule juu. Marhun alipima kwa hatua: vyumba viwili, baraza, choo. Mahfoudha alipanga mawe kuonyesha kuta zitakapopita, na Rahila alisimamishwa kati ya mawe akaambiwa hapo ni jikoni. Mahfoudha hakutaka kasri. Alitaka mlango ambao akiufunga hakuna mwenye haki ya kuufungua. Alikuwa na miaka thelathini na minane na hakuwahi kuwa nao.

Sasa nieleze kosa.

Ibra wanawake hukutana kwa kahawa kabla ya adhuhuri, leo kwa huyu kesho kwa yule. Huketi duara mkekani, tende katikati, na mdogo wao humimina. Mgeni lazima aseme habari. Siku ile zamu ilikuwa ya Ghalia, na mgeni alikuwa Mahfoudha. Waliokuwapo wengi walikuwa wamekulia Unguja na Pemba, Kiswahili wanakijua, lakini walirudi zamani au waume zao waliwakataza sinema. Hakuna aliyewahi kuona filamu. Mahfoudha alipoulizwa atoe habari, akatoa ile aliyoijua kuliko zote.

Hakusema "ilikuwa filamu" zaidi ya mara moja, na ile mara moja haikushika. Mtu asiyewahi kuona sinema, ukimwambia "niliona mwanamke anafanya hivi na hivi," atakuelewa umemwona mwanamke. Akaanza. Mume na mke wamepoteza kwao. Wamehamia kwa wifi mjane. Wifi anafungia sukari. Wifi ana ufunguo kwenye ncha ya leso. Na kwa kuwa mkono uliozoea kutia chumvi hauwezi kupika bila chumvi, akaongeza kikohozi. Ghalia alikuwa na kikohozi.

Ghalia alifungia sukari pia, na ufunguo ulikuwa kwenye ncha ya leso yake, umefungwa fundo, kila mtu pale anauona. Alikuwa na sababu yake. Aliishi Ibra miaka ambayo sukari ilikuja na ngamia mara mbili kwa mwaka, na mtoto wake wa pili alikufa kwenye miaka hiyo. Mtu wa hivyo hafungii kwa choyo.

Wanawake walitazamana. Jirani mmoja, Turkiya, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, alijizuia mpaka machozi yakamtoka, kisha akaitazama ile ncha ya leso na kikamponyoka. Wakacheka wote. Mahfoudha, maskini, alisikia kicheko alichokuwa hajakisikia miaka minane, akainuka magotini, akapandisha sauti, akamfanya wifi kwa mikono, kwa macho, kwa mgongo. Alikuwa tena kando ya pazia lake. Alipomaliza kwa mume na mke kupata nyumba, akapiga kigelegele mwenyewe. Ghalia alikuwa amekwisha kutikisa kikombe chake kuonyesha ametosheka, na ameketi anatazama mkeka.

Je, Mahfoudha hakukusudia? Aliapa maisha yake yote kwamba hakukusudia, na mimi namwamini kwenye sukari na kwenye ufunguo. Kwenye kikohozi sisemi.

Siku hiyo alasiri Ghalia alimwita Marhun na mkewe.

"Mimi nimewapa chumba," alisema. "Sikuwapa jina langu mkalitie kwenye kahawa."

"Dada, ile ni filamu," Marhun akasema. "Wallahi ni filamu ya Kiingereza. Watu maalumu wanaigiza, wanapigwa picha. Unguja nzima wanaijua."

"Waingereza wameujulia wapi ufunguo wangu?"

Marhun akaapa tena kwamba ni filamu.

"Haya bas," Ghalia akamgeukia Mahfoudha. "Wifi yangu, sitaki makuu. Sema, nilikusengenya, nisamehe. Nitakusamehe hapahapa, yaishe."

Hapo ndipo nyumba ya Mahfoudha ilipojengeka au kubomoka, na angalijua asingalijibu upesi. Lakini alikuwa na kiburi cha mtu mkweli, ambacho ni kibaya kuliko cha mwongo. "Samahani nitakuomba kwa kukuudhi, wifi Ghalia. Lakini siwezi kusema nimekusengenya. Filamu iko hivyo. Kila neno."

"Basi nionyeshe."

"Nitaipata wapi hapa?"

"Khalas. Siku utakaponionyesha, tutakwenda kwa kadhi."

Mahfoudha alimpikia halwa, akamwomba Turkiya aseme naye, Marhun akalia mbele ya dada yake. Ghalia hakuwafukuza, hakuwanyima chakula, hakuwanunia. Kila asubuhi Mahfoudha alimwamkia, naye aliitikia. Neno lake lilikuwa lilelile: sema, au nionyeshe. Na Mahfoudha hakusema.

Marhun alipata kazi ya kuandika barua ofisini kwa wali, mkuu wa mji, lakini Kiarabu chake cha kalamu kilikuwa cha mtu aliyesoma Kiingereza, na baada ya mwaka walimweka mlangoni kupokea wageni. Serikali ilipoanza kugawa viwanja alikataa kujiandikisha. Alisema mtu aliyeahidiwa kiwanja na dada yake asiwazibie wasiokuwa na dada. Maneno ya ungwana hayo, na sijui mangapi mengine ya namna hiyo yamewalaza watu nje. Alipokuja kujiandikisha, foleni ilikwishakuwa ya miaka, na jina lake halikuitwa.

Mahfoudha naye mwaka wa sabini na tano aliajiriwa zahanati ya serikali. Madaktari walikuwa Wahindi na Waingereza, wagonjwa wanawake wa Ibra na wa vijiji vya jirani, na katikati yao alihitajika mtu wa kusema. Kazi ileile, kumbe. Ila hapa chumvi haikutakiwa. Wiki ya kwanza alimpunguzia mama mmoja habari mbaya ya mimba yake, akamwambia "daktari anasema inshallah kheri," na mama yule akaenda zake nyumbani asirudi mpaka alipoletwa amebebwa. Hakufa. Daktari alimweka Mahfoudha chini akamwambia polepole: unachosikia ndicho unachosema, hakizidi, hakipungui. Mahfoudha alilia siku mbili. Tangu hapo akawa mkalimani mnyoofu kuliko wote. Watu walisema ukitaka kujua kama utakufa, mtazame mdomo Mahfoudha.

Na miaka yote hiyo aliitafuta filamu. Aliandika kwa rafiki yake aliyebaki Unguja. Rafiki akajibu kwamba yule meneja alikwishaondoka na mikebe hajui iko wapi. Alimuuliza kila Mwingereza aliyefika zahanati. Walitabasamu. Filamu gani, jina lake nani? Hakujua. Umri ukaenda. Mawe yaliyopangwa kule juu yalichukuliwa na watu, moja moja, kujengea mazizi ya mbuzi. Umeme ulikuja, televisheni zikaja, Rahila alilala kwenye chumba cha tende mpaka akawa msichana mkubwa wa kuvalia nguo chini ya shuka kwa sababu baba yake yumo. Mahfoudha alimwonea haya binti yake, na haya hiyo ilimkaa kifuani.

Mwaka wa themanini na nne alikuja daktari mwingine wa Kiingereza, mwanamke wa makamo. Siku moja wanakunywa chai, Mahfoudha akamuuliza kama alivyowauliza wote, bila ya tamaa. Akamwambia: mvua dirisha moja tu. Ukuta unatikisika. Mume na mke kwa dada wa mume. Daktari akaweka kikombe chini akaanza kucheka. Alisema mama yake aliwahi kuigiza mchezo huo kwenye ukumbi wa kanisa lao, kabla hata ya filamu, na kwamba filamu yenyewe huonyeshwa kwao mchana kwenye televisheni, wakati wa watu wagonjwa na vikongwe. Angemwandikia kaka yake airekodi.

Kaseti ilichukua miezi minane kufika. Mahfoudha aliishika kwa mikono miwili. Miaka kumi na mitatu alikuwa ameitwa msengenyaji ndani ya nyumba moja na mtu anayemwamkia kila siku, na sasa ukweli wake ulikuwa ndani ya sanduku dogo la plastiki. Hakuijaribu kwanza. Nani anajaribu ukweli anaoujua?

Ijumaa ile, baada ya swala, Marhun aliazima mashine ya video kwa mtu ofisini. Ukumbini alikaa Ghalia kwenye mto wake. Alikuwa amezeeka, mtoto wa jicho amemfunika, anaona vivuli tu, na kupasuliwa hataki. Turkiya aliitwa, kwa kuwa alikuwapo siku ile. Rahila, miaka kumi na saba, anayesoma Kiingereza skuli, alikaa karibu na mashine. Marhun alivaa kanzu safi. Alikuwa na ugonjwa wa moyo tayari, na asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alikuwa amepanda kule juu peke yake akakitazama kiwanja.

"Shikamoo, shangazi, tunaanza," Rahila akasema.

"Marahaba. Mimi sioni, mama yako atanambia," Ghalia akajibu. "Si ndiyo kazi yake."

Filamu ikaanza. Ukumbi uleule, ngazi ileile, mvua dirisha la kulia. Mahfoudha alihisi mwili wote umerudi ujana. Akaanza kueleza kwa unyoofu wa zahanati: mume anaingia, koti limelowa, mke anasema nyamaza, utamwamsha dada yako, dada anashuka ngazi.

Dada alishuka ngazi, na Mahfoudha akaacha kueleza.

Alikuwa mwanamke mdogo, mwoga, mwenye miwani. Aliwapa kitanda chake. Alisema yeye atalala kitini, amezoea. Alileta chai na bakuli la sukari akaliweka katikati ya meza, wazi. Mahfoudha alingoja. Aliyeharibu mambo ndani ya nyumba ile alikuwa mume, hodari wa kupigilia misumari mahali pasipostahili, na kilichochekesha ni kwamba dada hawezi kumwambia aache. Kabati halikuwapo. Ufunguo haukuwapo. Hakukuwa na vijiko vya kuhesabiwa. Mahfoudha alirudi nyuma kwenye kumbukumbu zake kama mtu anayetafuta mlango gizani, akajiona ana miaka ishirini, wanawake wamechoka na filamu yao ya Kiingereza wanaanza kuvaa mabuibui waondoke, naye anawatupia neno moja la wifi, wanacheka, wanakaa. Jumapili inayofuata anatupa la pili. Kila kicheko kilimjengea kipande. Wifi yule mzima, toka unyayo hadi utosi, alikuwa kamtengeneza yeye. Na baadaye, kwa kumsema miaka kumi, akasahau kwamba ni wake.

"Mbona kimya?" Ghalia akauliza. "Anafanya nini sasa? Huyo wifi, anafanya nini?"

Marhun alikuwa anamtazama mkewe. Hakujua Kiingereza kingi cha kusemwa haraka, lakini macho yake yalikuwa mazima, na alikwishaliona bakuli la sukari mezani. Alimtazama tu, na alichokuwa anakiomba kilikuwa kwenye uso wake wote.

Mahfoudha angeweza kusema. Neno la mwaka wa sabini na mbili lilikuwa bado linangoja, na pengine lingetosha: nilikusengenya, nisamehe. Sasa lilikuwa la kweli. Alifungua mdomo alitoe.

"Anafungia sukari," alisema. "Kabatini. Ufunguo anaufunga kwenye ncha ya nguo."

Rahila aligeuka.

"Wallahi?" Ghalia akasema.

"Wallahi." Na sauti yake ikawa ileile ya zamani, ikapanda, ikazunguka ukumbi. "Sasa anahesabu vijiko. Kimoja kimepotea. Anakohoa."

"Anakohoa pia!" Ghalia akapiga paja. Turkiya, aliyekuwa anaona na asiyejua Kiingereza, alikunja uso kidogo kuitazama ile chai iliyo wazi, kisha akaamua Waingereza wana yao. Ghalia akaanza kucheka. Alicheka mpaka kile kikohozi chake chenyewe kikamshika, akapigwa mgongo, akapewa maji. Kisha akaanza kulia.

"Ulisema kweli," alisema. "Miaka yote hii, ulisema kweli. Njoo, wifi yangu. Nipe mkono wako. Mimi ndiye niliyekudhulumu. Nisamehe."

"Yamekwisha, wifi Ghalia."

"Sema umenisamehe."

"Nimekusamehe."

"Ningejua!" Ghalia akajifuta macho kwa leso. "Nilingoja miaka saba. Nilisema huyu akisema tu neno, hata nusu ya neno, nitampa. Hukusema. Nikasema huyu ana moyo wa jiwe, ananisengenya na haoni haya. Mwaka wa sabini na tisa Khalaf alikuja, nikamwandikia yeye. Hati ya milki imetoka kwa jina lake, na juzi kiwanja amempa mkwewe wa mji wa Sur. Sikuwaambia, niliona haya. Ningejua unasema kweli, Mahfoudha, ningekungoja mpaka kufa."

Filamu iliendelea. Watu wa London waliingia na kutoka, wakisita wachekewe. Marhun aliinuka taratibu, akaomba radhi, akasema anakwenda kutawadha.

"Eleza, bibi, eleza," Ghalia akasema, amemshika Mahfoudha mkono. "Usiniache njiani."

Akamweleza mpaka mwisho, saa nzima, kila neno la uongo.

Baadaye, jikoni, Rahila alifunga mlango. Kiswahili chake kilikuwa cha watoto waliokulia kule, lakini kilimtosha.

"Mama, ile maneno haiko kwenye filamu. Yule mwanamke mzuri. Kwa nini umesema vile?"

"Nilitaka nyumba."

"Na sasa?"

Mahfoudha alikuwa anasuuza vikombe. "Sasa nyumba sina," alisema, "na uongo ninao."

Rahila hakumuuliza tena, wala hakumsema kwa baba yake. Lakini toka siku ile, mama yake akisimulia jambo lolote mbele za watu, hata la bei ya samaki, alimwona binti yake anatazama pembeni.

Zahanati aliacha mwaka uliofuata. Alimwambia daktari wa Kiingereza kwamba miguu inamuuma. Daktari alimshukuru kwa miaka kumi na moja ya maneno yaliyonyooka, akamuuliza kama wifi alifurahi na filamu, na Mahfoudha akasema alifurahi sana.

Marhun alikufa mwaka wa themanini na saba, kwenye chumba cha tende, asubuhi. Kitanda cha kuoshea maiti hakikuingia mlangoni, wakamtoa nje wakamwoshea uani kwa Ghalia, wamezungushia shuka. Siku tatu za matanga wanawake wa Ibra walijaa ukumbini. Ghalia aliketi katikati, haoni kitu tena, na kila kundi jipya lilipoingia na kupewa kahawa alianza upya. Alisema kwamba huyu mjane mliyemjia aliishi naye miaka kumi na mitano. Kwamba alimwita msengenyaji naye ni mkweli. Kwamba kwa ajili ya ulimi wake mkweli, yeye Ghalia alimnyima ndugu yake nyumba, na ndugu yake amekufa hana hata ukuta. Na kwamba siku ya kiyama ataulizwa. Alilia kweli, na alitaka wote wamshuhudie kwamba anakiri. Wanawake walimbembeleza, wakamgeukia Mahfoudha wakamsifu kwa subira na kwa msamaha wake. Mahfoudha alikuwa katika eda, ameketi ubavuni mwa Ghalia, mkono wake umeshikwa, na hakuna siku katika zile tatu aliyoweza kuutoa.